Matabishi Haitangulie Kipimo

Mwanangu Zawadi,

Salaam mingi, na amani ya Mungu ikukute umefika ku Kigali muzima. Ninakusalimia sawa vile umekwisha kufika, lakini kusema kweli bado uko hapa hapa Gisenyi, umeenda Nengo kuaga shangazi zako, na viatu yako ya safari iko mulangoni, imepigwa rangi mupaka inanuka nyumba nzima. Barua hii nitaiweka ndani ya valisi, chini ya kitenge ya bluu. Utaikuta kule.

Baba yako anakusalimia. Leo alirudi mapema kutoka ku baraza fasi anashoneaka, amekaa uani na koti yako, anaitia mufuko ya ndani, upande wa roho. Nilimuuliza mufuko ya nini, akasema, "Ya kuweka kitu." Unamujua baba yako, maneno yake yote iko ku sindano. Nyanya yako anakusalimia. Ameshika rozari yake tangu azuhuri, yeye Mukristo ndani ya nyumba ya Waislamu, anaomba Bikira Maria aangalie breki ya basi, na anasema usikae nyuma juu utatapika. Idi mudogo wako anakusalimia, anasema usisahau mupira, na isiwe ya plastiki, iwe ile ya upepo. Mariamu kitinda mimba anakusalimia. Asubui alilia ya kwamba unamuacha, nyuma ya chai akauliza kama sasa kitanda iko yake peke yake. Mama Solange, jirani yangu wa meza ku soko, anakusalimia sana, anasema Kigali wasikufundishe kukula bila kuita mutu. Hata kuku ya Nyanya inakusalimia, juu jana tulitaka kuichinja ya safari yako na Nyanya akakatala. Na mi mama yako nakusalimia nyuma ya wote, sawa vile mwenye nyumba anakulaka nyuma ya wageni.

Bon. Mambo ya sweta, ya kuamka mapema kule kwa shangazi yako Hadija, ya kufua nguo yako na yake bila kuambiwa, hiyo nilikwisha kuisema mupaka ukaziba masikio. Hapa nataka neno moja tu, ile yenye tuliiharibu sisi wawili siku ya karatasi.

Unajua ni karatasi gani. Shabani, mutoto wa shangazi yako Hadija, mwenye anafanya kazi ku sekretaria kule Kigali fasi iko ordinateri yenye Internet, alikutumia ile karatasi ku mukono ya dereva wa basi. Ukaingia nayo unakimbia. Mi nilikuwa natoa mawe ndani ya maharagi. Ukaisoma na Kifaransa, ukatutafsiria: felisitasio, ni kusema hongera, bourse, masomo ya bule kule Ulaya, chumba ya bule, chakula ya bule, tikiti ya ndege ya bule. Wamekuchagua. Utume diploma yako ile yenyewe, si kopi, na picha, na pesa kidogo ya kufungua dosye. Ufanye haraka mbele fasi ijae. Na usiambie watu mingi, juu watu wako na wivu. Baba yako akaacha kutafuna. Idi akaruka juu. Na mi nikauliza:

"Walikujulia wapi?"

"Maman, ni Internet."

"Internet iko nani?"

"Haiko mutu, Maman. Iko mashini."

"Na hiyo mashini ilijuaje kusema felisitasio?"

Idi akacheka, na kicheko yake njo ilikuchoma, niliona ku macho yako. Ukasema nisifananishe kila kitu na mambo yangu ya zamani, yule bwana alikuja na kamio, hii ni Internet. Halafu ukaleta ile ingine. Ukasema, "Mi siko Mama Umeme."

Baba yako akasema tu, "Zawadi!" Ukatoka.

Tangu siku hiyo tunaombana chumvi sawa vile wageni ku hoteli. Donc naandika. Ku mudomo nitapandisha sauti, na we utapandisha yako, na Nyanya atapandisha rozari. Kalamu yangu iko pole. Niliacha shule mu mwaka ya tatu, kila herufi inanilazimisha nifikiri mbele niiandike, na pengine hiyo njo faida ya kusoma kidogo.

Mama Umeme. Usifikiri nimekasirika. Ndiyo, mi njo Mama Umeme. Watu wakija ku soko kutafuta samaki ya sambaza hawaulize Mama Zawadi, wanauliza Mama Umeme iko wapi, na mi ninaitika "Karibu!" na sauti kubwa kupita yao. Lakini we unajua hii jina kwa upande ya watoto wenye walikukimbizaka nayo njia ya shule. Upande yangu haujaisikia yote. Ukisikia imeanza, unakumbuka kazi ku jikoni. Sasa hakuna jikoni ya kukimbilia. Kaa.

Ulikuwa mudogo, vita haijafika. Baba yako alikuwa na cherehani yake yeye mwenyewe, nyeusi, ya kukanyaga, yenye babu yako alimuachia. Ilikaa pale dirishani fasi leo iko madumu ya maji. Sauti yake njo ilikubembelezaka; ikinyamaza, unaamuka. Siku hiyo baba yako alikuwa ameenda Bukavu ku matanga. Kamio kubwa ya mizigo ikasimama pembeni ya soko, akashuka bwana moja na tai, viatu safi, Kiswahili muzuri sawa ya redio. Hakuuza kitu. Alifungua katoni ya sabuni, akaanza kugawa, kila mama kipande moja. "Bule, wamama, bule! Hii ni matabishi tu!"

Matabishi, mwanangu. Hiyo neno unaijua tangu tumboni. Mutu ananunua kopo ya sambaza. Ninapima, ninamumwangia ndani ya mufuko yake, na haondoke. Anasimama ananiangalia. "Mama, na matabishi?" Ninashika konzi moja, naongeza, anaondoka anacheka. Tangu hapa mupaka ndani ya Goma hakuna mutu anauza bila matabishi, na asiyetoa wanamuita jina yenye sitaandika. Na mi nitakuambia siri ya kazi: ile konzi haiko ya bule. Nimekwisha kuitoa ndani ya kopo, ninapima na mukono mwepesi njo nipate ya kuongeza. Muteja anajua, na mi najua ya kwamba anajua. Matabishi iko kamba ya kumurudisha kesho kwangu asiende kwa Mama Solange. Hakuna ubaya, tunajuana.

Lakini kila mutoto wa soko anajua na sheria yake: kipimo kwanza, matabishi nyuma. Nani umekwisha kumuona anatoa konzi mbele apime kopo? Hakuna. Mutu akitanguliza matabishi, ujue kipimo iko nyuma inakuja, na yeye njo atapima, na kitu yenye atapima iko yako.

Mi muuzaji. Mi mwenye mukono yangu ilikuwa inatoa matabishi kila siku ya Mungu. Nilipokea ile sabuni, nikainusa, nikasema asante papa.

Halafu akasema neno yake. Kuna wazungu wa roho nzuri huko Ulaya, wanataka kusaidia wamama wa Gisenyi. Watatoa cherehani mupya, ya umeme. Bule. Mama alete tu ile ya zamani, waipeleke kuonyesha ya kwamba kweli huyu iko na fundi ndani ya nyumba, na nyuma ya juma moja mupya inafika. Wenye wanataka, haraka, kamio haina fasi ya wote. Akanigeukia. "Na wewe, Madame, jina lako ni nani?" Nikamuambia. Akatoa chaki. Akasema ukileta yako nitaandika jina yako juu yake, isipotee.

Mama Solange akanivuta kitenge. "We, umeme utaitoa wapi? Nyumba yako haina hata waya."

Nikamujibu, na watu wote wakasikia: "Umeme itafuata cherehani!"

Voila. Hiyo njo neno yenye ilinizaa mara ya pili. Umeme itafuata cherehani. Mama Solange mwenyewe alinisaidia kuibeba, ananicheka njia yote, na mi namucheka vile atalia wivu. Yule bwana akaandika jina yangu na chaki juu ya mbao. Hakuna mutu alikuwa amekwisha kuandika jina yangu fasi yoyote watu wanaona. Niliiangalia mupaka kamio ikapotea ku kona. Na alikuwa ameniambia, na sauti ndogo, "Usimuambie bwana yako, itakuwa furaha akirudi."

Ku mitaa wanasemaka tamaa mbele, mauti nyuma. Wananisemea hiyo mupaka leo. Nakatala. Nakatala mbele yako sawa vile nilikatala mbele yao. Hiyo ni mezali ya watu wenye hawajaibiwa bado. Mi sikutamani kitu ya mutu. Nilitaka baba yako arudi kutoka matanga akute furaha ndani ya nyumba yake, nilitaka miguu yake yenye ilikuwa inavimba ipumzike kukanyaga. Yule bwana hakukamata tamaa yangu, alikamata mapendo yangu. Mwizi wa kweli hatafute mutu mubaya. Anatafuta mutu mwenye iko na kitu anapenda. Na we, Zawadi, uko na kitu unapenda. Unapenda masomo tangu uko unaandika na makaa ku ukuta ya choo. Njo maana ninaogopa. Sikuite mujinga hata siku moja.

Baba yako akarudi. Akasimama pale dirishani, fasi miguu ya cherehani ilikuwa imeacha alama chini ku sima.

"Cherehani iko wapi?"

"Inakuja ingine. Ya umeme."

Akainua macho ku mabati, akatafuta waya. Hakunipiga, hakunitukana. Alichukua kichupa ya mafuta ya cherehani, akakaza kifuniko yake, akaiweka juu ya kabati. Ile kukaza kifuniko iliniuma kupita fimbo. Kutoka siku hiyo anashona ku cherehani ya mutu mwingine, ku baraza ya mutu mwingine, umemuona na macho yako. Na siku moja fundi mwenzake alimuuliza mbele ya watu kama muke wake amepata umeme, akajibu bila kuinua kichwa: "Kuna mwenye aliiba na kuna mwenye aliibiwa. We haujue tofauti, na unataka kunifundisha kukata suruali?"

Lakini mi sikuwa na kichwa nguvu sawa yake. Nilijifungia. Siku ya soko nilikuwa nasema niko na malaria. Njiani wananiita, "Mama Umeme, imefika?" "Mama Umeme, tuwashie taa!" Na sikiliza hapa, hapa njo penyewe: sikuwa peke yangu. Kamio ilikuwa imejaa. Wamama wengine walitoa sawa mi, na wao pia wakajifungia. Moja akasema cherehani yake amemukopesha dada yake. Mwingine akasema ilikuwa imeharibika zamani, aliiuza chuma. Na hao hao walikuwa wananicheka na sauti kubwa, juu mutu akicheka wa kwanza hakuna atamuuliza. Sisi wote tulikuwa tunamufichia mwizi. Haya yetu njo ilikuwa petroli ya kamio yake.

Siku moja muuza viazi kutoka Busasamana akaleta salamu ya Nyanya yako. Alikuwa bado anakaa kule nyumbani kwetu, mbele tumulete huku. Salamu yenyewe ni hii: "Kuna bwana mukarimu huku anagawa sabuni. Nikuwekee moja?"

Nikuwekee moja! Nilicheka, Zawadi, nilicheka peke yangu mupaka muuza viazi akarudi nyuma. Halafu nikachukua kipande yangu ya sabuni, sikuwa nimeifulia hata soksi, nikapanda pikap ya viazi yenye ilikuwa inarudi, nimekaa juu ya gunia tupu na vumbi ya volkano ndani ya meno.

Nikamukuta. Kamio ile ile, tai ingine. Wamama wamepanga mustari na cherehani, zingine imekwisha kupanda juu, chaki imeandikwa. Moyo yangu ilikuwa inaniambia rudi, watakujua, hapa njo kwenu, hapa hawajue bado. Nikapanda juu ya jiwe.

"Munanijua! Mi mutoto wa hapa. Lakini kule Gisenyi jina yangu ni Mama Umeme, na leo nitawaambia juu ya nini." Nikainua sabuni. "Hii njo walinipa. Na mi nikatoa cherehani ya bwana yangu, na jina yangu juu yake. Nyumba yangu haina waya. Chekeni! Chekeni sasa, mumalize, halafu mushushe vitu yenu!"

Yule bwana akatabasamu, pole kabisa. "Mama yangu, yako iko njiani. Ulikosa subira tu."

"Njia gani? Mi nimekuja na njia, sikupishana nayo."

Hapo wakacheka, lakini kicheko ilikuwa imegeuka upande. Nikamuambia, "Bon, papa. Kama uko wa kweli, hakuna shida. Nimetuma mutu amuite burugmestri, mukubwa wa komini, aje akushukuru. Kaa hapa kwenye kivuli, watakuletea chai, ngojea kidogo tu."

Nilidanganya. Sikuwa nimetuma mutu. Lakini Mungu alinipa hiyo neno, kungojea. Bwana akaangalia saa yake. Akasema amechelewa, iko na mukutano. Na wale wamama wote walimuona anaangalia saa. Mutu mwenye alikuja kutoa mali ya bule kwa masikini, wanamuambia ngojea chai, na anakosa dakika! Hapo hakuna mutu alihitaji shule. Nyanya yako alienda akakaa chini mbele ya tairi, akatoa rozari, akaanza Salamu Maria. Wamama wakapanda kamio. Cherehani zikashuka moja moja, hakuna yenye ilibaki juu. Mbele tairi izunguke, Nyanya alikuwa amekwisha kuinuka. Bwana akakimbiza kamio tupu, na watu wanapiga mabati yake na mikono.

Yangu haikuwa ndani. Niliangalia mupaka chini ya turubai. Yangu ilikuwa imekwisha kuuzwa, sijue wapi. Sikuipata, na sitaipata, na mupaka leo nikisikia cherehani ya kukanyaga ndani ya nyumba ya mutu ninasimama kidogo njiani. Lakini nilirudi Gisenyi, na siku ya soko yenye ilifuata nilipanga sambaza yangu, na wa kwanza kuniita Mama Umeme, niliitika.

Sasa ile karatasi.

Kusema kweli mi sijue Internet. Pengine bourse yako ni ya kweli. Dunia iko kubwa, na wazungu wa roho nzuri lazima wako fasi, nami sitaki kuwa mama mwenye anafungia mutoto dirisha juu yeye mwenyewe aliingiliwa na mwizi. Lakini niliisikiliza ukiisoma. Felisitasio ilitangulia. Hiyo ni sabuni. Chumba ya bule, ndege ya bule, sabuni, sabuni. Halafu mwisho kabisa, na sauti ndogo, diploma na pesa ya dosye. Hiyo ni kopo, na ni yeye anashika kopo. Bule gani inaomba pesa? Mi nikikuambia sambaza yangu ni ya bule, ulipe tu kazi ya kupima, si nimekuuzia sambaza? Na walikuandikia "Cher ami", rafiki mupendwa, bila jina yako. Yule wa kamio hata yeye aliniuliza jina.

Ku Kiswahili yetu bule iko na tumbo mbili. Nilipata bule, nilienda bule. Nyanya anasema Kinyarwanda imetenganisha: ku buntu, ni kitu yenye imetoka ku roho ya mutu, ubusa, ni mikono mitupu. Sisi tumefunga zote ndani ya mufuko moja, njo tunashika moja tunafikiri ni ingine. Hata we mwenye nilikuita Zawadi haukukuja bule. Nilikulipia miezi yote ya kutapika, na ile usiku ya kukuzaa nilikulipia na matusi yenye baba yako hajasahau.

Shabani anasema kila mutu iko na sanduku yake ndani ya ile mashini, na neno ya siri ya kuifungulia. Sanduku sielewe. Neno ya siri ninaielewa: ni fundo ya kitenge ku kiuno. Mutu akikuambia, "Fungua fundo nikuwekee pesa ndani," utamufungulia? Basi. Hata Shabani usimuambie, na Shabani ninamupenda.

Na ile "usiambie watu", hapana. Hiyo njo ilinisimamisha nywele. Kitu nzuri haiogope masikio ya jirani. Peleka hiyo karatasi kwa wale masista wenye walikufundisha na wenzao wako Kigali. Soma na sauti mbele ya shangazi Hadija na wateja wake wote. Nenda ku ofisi ya serikali yenye inashugulikia masomo, uulize mulangoni, hata askari umuulize. Na wale wa Internet uwaandikie neno moja tu: ngojeeni. Waambie mama yangu bado hajajibu. Kama ni wa kweli watangojea. Kama wataangalia saa, utakuwa umewaona.

Nitakuambia kitu nilifanya leo. Ulipotoka kwenda Nengo nilifungua valisi, nikatoa diploma yako. Nilitaka kuificha chini ya gunia ya sambaza mupaka akili irudi, yako ao yangu. Nilikaa nayo ku magoti. Jina yako iko pale, imeandikwa na mashini, si na chaki. Halafu nikajiuliza: nikimuibia mutoto yangu juu wengine wasimuibie, mi na bwana ya kamio tuko na tofauti gani? Nikairudisha. Iko fasi uliiweka, sikuikunja. Baba yako alinitazama kutoka uani, akarudisha macho ku sindano. Na njo nikaona: ule mufuko ya ndani, urefu yake na upana yake, ni kipimo ya diploma. Alikwisha kuipima mbele mi niitoe.

Donc diploma ni yako, koti ni yako, na kichwa ni yako. Wasikutishe. Usitembee Kigali sawa kuku imenyeshewa, unaogopa kila mutu mwenye anakusalimia. Hapana, inua kichwa, uliza bei, uliza jina, uliza tena. Na kama wamekwisha kukuibia, kama unasoma hii na ulituma jana, sikia muzuri mama yako: usijifiche. Usiseme umemukopesha dada. Simama pale pale ku sekretaria fasi vijana wamepanga mustari mbele ya ile mashini, useme na sauti, mi nilitoa, na hii njo walinipa. Watakupatia jina. Watu hawakose jina ya kupatia mutu. Utaivaa sawa kitenge ya sikukuu. Na ukitaka kurudi nyumbani, rudi. Mama Umeme na Binti Internet tutakaa meza moja, tutauza sambaza mupaka Goma isikie.

Ile sabuni ya kamio bado ninayo. Unaikumbuka, ku rafu, yenye nilikuwa nawapiga mikono mukiigusa. Imekauka sawa jiwe. Leo nimeikata na kisu ya nyama, ilinitoa jasho. Nusu iko ndani ya valisi pamoja na barua hii. Fulia, ogea, sijali. Imekaa ku rafu siku mingi, inatosha. Nusu ingine iko hapa na mi, na sitaigusa mupaka ninasikia umejibu wale watu nini.

Kwa hiyo nijibu. Mupatie dereva wa basi, wote wananijua, waambie ni ya Mama Umeme. Ao piga simu ku duka ya jirani, wataniita, nitakimbia na mikono ya sambaza. Fanya haraka, mwanangu. Najua, hata mi sasa nasema haraka sawa vile wale. Lakini angalia tofauti: mi sikuombe utume kitu. Neno moja tu, hata ikiwa ya kunitukana.

Nasikia sauti yako barabarani, unaaga Mama Solange, anakuambia ile ya kukula bila kuita mutu. Nafunga.

Mi mama yako,
Mama Umeme